Kumrudisha Dada Mwajuma Kinole

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyeisimamisha milima pasipo msaada wa mtu, na akaweka njia hata pale ambapo mja haoni pa kupita. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, aliyeujua ugeni na akawapenda wageni. Namshukuru Mola aliyenitoa nyumbani kwangu Kilakala, Morogoro, nikiwa mzima, akanifikisha Lusaka katika nchi ya watu, na akanirudisha pamoja na yule niliyemfuata.

Ndugu zangu wa msikitini, na ninyi wanafunzi wangu wa chuoni ambao sasa mna ndevu, mmekuwa mkiniuliza habari za safari hii kila baada ya sala. Nimewajibu vipande vipande, huyu hiki na yule kile, hata nasikia hadithi imeanza kubadilika huko mitaani. Wapo wanaosema nilikaribishwa na Balozi nikala naye chakula. Sikula naye. Nimeona bora niyaandike yote mara moja, yasomwe kama yalivyokuwa. Habari za pasi na tiketi nitaziruka. Ziliniumiza kichwa mimi, hakuna haja ziwaumize na ninyi.

Ujumbe kutoka kwa mtu wa Mikese

Dada yangu Mwajuma ndiye mkubwa wetu. Aliolewa kabla ya Uhuru na mpishi wa Mzungu mmoja wa mashamba ya mkonge. Mzungu alipohamia Rhodesia ya Kaskazini alimchukua mpishi wake, na mpishi akamchukua dada yangu. Nchi ile ikaja kuwa Zambia, mume akafariki huko, watoto wakakulia huko. Sisi tulibaki na salamu tu, mara kupitia kwa huyu, mara kwa yule.

Ujumbe aliuleta Hamisi, dereva wa lori, kijana wa Mikese. Mnajua jinsi biashara ilivyofunguliwa miaka hii, malori yanavyopishana barabarani kama siafu, na vijana wetu wanavyoijua Lusaka kuliko wanavyoijua Mgeta. Alinikuta kibarazani nasomesha, akanishika mkono akanivuta pembeni. Akasema dada macho yanafunga. Daktari wa huko amesema ni presha ya macho, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Kisha akanipa maneno yake kama alivyotumwa: niende nimchukue, anataka kuuona mlima wa kwetu Kinole kabla hajaingia gizani.

Ninyi mliokuja Morogoro kwa kazi za viwanda na za mashamba ya miwa mtauliza, kwani hana watoto? Anao. Lakini kwetu sisi Waluguru mtu ni wa ukoo wa mama yake. Ardhi hupita kwa wanawake, na ndugu zao wa kiume ndio huwasemea mbele za watu. Mwanamke wa ukoo akisema anarudi, ndugu yake ndiye huenda kumchukua. Ingekuwa aibu kwangu kumwachia kazi hiyo mwanawe. Nikafunga safari.

Basi mpaka Ifakara, treni mpaka nchi ya watu

Basi la Ifakara lilijaa akina mama wa mitumba na marobota yao. Jirani yangu, mama mmoja mchangamfu, aliponiuliza naenda kuchukua mzigo gani Lusaka, nikamwambia naenda kumchukua dada yangu. Akaniangalia kwa huruma, akafungua kikapu akanipa mayai ya kuchemsha, akasema mzigo wa namna hiyo hauvuki mpaka kwa urahisi. Nilidhani ananitania. Baadaye nilimkumbuka sana.

Treni nayo ilitusimamisha mbele ya Mlimba. Mvua ilikuwa imeporomosha udongo juu ya reli, tukakaa tukiwasubiri watu wa majembe. Wanakijiji wakashuka kutoka mashambani na mihogo ya kuchemsha, miwa na ndizi mbivu, na pale porini pakawa soko. Katika behewa letu alikuwemo katekista mmoja wa Mahenge, mtu mzima kama mimi. Nilipotandaza mswala wangu kando ya reli, alisimama akanilindia mabegi mpaka nikamaliza. Alipotoa kitabu chake naye akasali, nikasimama mimi. Hatukuambizana. Tulipoagana alisema, "Mwalimu, mwombee mke wangu, anaumwa." Namwombea mpaka leo, ingawa jina lake sikulijua.

Baada ya mpaka chakula kilibadilika majina. Ugali ni ule ule, wanauita nshima. Mama mmoja wa Kibemba aliyeketi mbele yangu alinigawia wa kwake pamoja na mboga nyeusi iliyokauka. Nikadhani ni bamia za kukaushwa. Nilipoangalia vizuri nikaona zina miguu. Walikuwa viwavi wanaookotwa mitini, kitoweo cha heshima kwao. Mimi hukumu ya viwavi sikuwahi kuisomesha, na pale hapakuwa na sheikh wa kumwuliza, kwa hiyo nikala nshima kavu na kumshukuru. Yule mama akaamini naumwa tumbo. Kila kituo akawa ananiletea chai ya majani machungu, ananishika paji la uso, na anasimama juu yangu mpaka ninywe. Nilifika mwisho wa reli nikiwa nimeponywa ugonjwa ambao sikuwa nao. Mungu amlipe.

Lusaka, nyumbani kwa Musa

Musa ni mtoto wa mwisho wa dada, fundi wa magari, mtu mpole mwenye mikono mikubwa. Alinipokea kituo cha mabasi akanipigia goti katikati ya watu. Kiswahili chake ni cha kutafuta neno, lakini neno "Mjomba" alikuwa nalo sawasawa.

Dada alikuwa amekaa uani juu ya mkeka. Hakunijua kwa kuniona. Aliniambia nikae karibu, akanishika uso kwa mikono miwili, akanipapasa nyusi, pua, ndevu. Kisha akasema, "Kumbe umezeeka hivi. Na mimi nilikuwa nikikuombea dua kama mtoto." Tukacheka, na baada ya kucheka tukashindwa kuendelea.

Alinieleza macho yake yalivyo. Amebakiwa na tundu dogo la katikati, kama mtu anayechungulia kwenye ufa wa mlango. Akitaka kumwona mtu mzima lazima ampitie kuanzia kichwani mpaka miguuni. Na tundu lenyewe linazidi kuwa dogo.

Musa aliyasikia yote haya akiwa anatengeneza kitu chake pembeni, hakuinua kichwa. Baadaye, tulipotoka kwenda dukani, aliniuliza swali moja tu: "Mjomba, mama akiondoka, mimi nikitaka kumwona nitapita wapi?" Nilimwambia Mungu ana njia nyingi, na kweli anazo, ila niliona Musa alikuwa anaulizia barabara.

Ubalozini mara ya kwanza

Dada hakuwa na karatasi hata moja iliyosema ni mtu wa kwetu. Aliondoka Tanganyika kabla hatujawa na pasi zetu, na cheti cha kikoloni alichokuwa nacho kililowa na kuoza katika mafuriko ya mtaani kwao. Zambia ilimpokea akaishi, lakini hakuwahi kuwa raia wao. Kwa hiyo ilibidi kwenda ubalozi wetu tuombe hati ya dharura, ile inayomfikisha mtu nyumbani mara moja tu na kazi yake ikaisha.

Niwaambie ukweli, nilipoiona bendera yetu juu ya lile paa, machozi yalinilengalenga. Nilikuwa sijakaa ugenini hata mwezi. Nikafikiria waliokaa miaka.

Mimi nilidhani ubalozi ni mtu mmoja, Balozi, na mlinzi wake. Kumbe ni ofisi kama za mkoa, kila mtu na meza yake. Kazi kubwa ya Balozi ni kusema na serikali ya wenyeji kwa niaba ya serikali yetu. Shida zetu sisi wadogo ziko kwa afisa wa konseli. Pale kwenye benchi tulikaa na watu wa kila namna, na kwa kusikiliza nikaelewa kazi yake. Raia akifungwa, huenda kumtazama gerezani na kuona kama anatendewa haki, ila hana uwezo wa kumtoa, maana sheria ni ya wenye nchi. Mtu akifariki, husaidia mwili urudi. Mtoto akizaliwa, humwandikisha. Dereva akipoteza pasi, humpa ya kurudia. Hamisi naye tulimkuta hapo kwa shida ya mwenzake aliyelazwa hospitali, akakaa nasi.

Afisa mwenyewe alikuwa Bwana Mihayo, mtu wa makamo, shati lake limepigwa pasi vizuri sana. Aliniamkia shikamoo kwa adabu, akatukaribisha ndani. Mbele ya serikali mimi nami nilikaa kwa adabu, mikono magotini. Akamwuliza dada jina lake. Nikalitaja. Akamwuliza amezaliwa wapi. Nikasema Kinole, milimani Uluguru. Akauliza aliondoka lini, na nani, na kwa nini. Nikamweleza yote kwa mpangilio mzuri, kama nilivyofundishwa kueleza mambo.

Bwana Mihayo aliweka kalamu chini. Akaniambia kwa upole kwamba aliyeomba hati ni mama huyu, naye hajamsikia bado. Nikamjibu kwamba mimi ni ndugu yake wa kiume, ndiye ninayemsemea. Nilisema hivyo kwa fahari, nikidhani nimemaliza mjadala. Kumbe nimeuanzisha. Akanieleza kwamba ofisi yao hukutana na watu wanaoletwa na jamaa wenye maneno mengi, halafu inagundulika aliyeletwa hakutaka kwenda popote. Kazi yake ni kumlinda kila raia, hata dhidi ya ndugu zake. Akaniomba nikae nje.

Nikakaa nje. Mlango ulikuwa wazi kidogo, lakini sikusikia sauti ya dada hata mara moja. Alipotoka, Bwana Mihayo alikuwa amemshika mkono anamwongoza, uso wake mwenyewe umesikitika. Dada alikuwa amenyamaza mbele ya kila swali. Hakumjibu hata jina.

Bwana Mihayo akasema hawezi kuandika kwamba ameridhika wakati hajasikia neno. Ataandika kwa Wizara Dar es Salaam, Wizara itauliza mkoani, mkoa utatuma mtu Kinole kuwauliza wazee, na jibu litarudi kwa njia hiyo hiyo. Nikamwuliza itachukua muda gani. Akasema ni msimu wa mvua, na mimi naijua barabara ya Kinole kuliko yeye.

Naijua. Nikatazama macho ya dada, nikaona hatuna msimu mzima.

Kusubiri

Nilimwuliza kwa nini amenyamaza. Alisema zamani, alipokuwa msichana kwa yule Mzungu, mtu wa serikali akiuliza jina lako unajua kuna jambo limekwisha kuamuliwa. Kukaa kimya ndiko kulikokuwa usalama. Akili yake ilijua mambo yamebadilika, ila ulimi haukujua.

Tukasubiri. Asubuhi nilimsomea Kurani, mchana akanifundisha kula kapenta, ambao ni dagaa wa huko. Kila alipoamka alikuwa anapima macho yake kwa mti wa mpapai uliokuwa uani. Mwanzo aliweza kuona shina na matunda pamoja. Ikafika siku akaniambia matunda anayaona na shina analiona, lakini si kwa wakati mmoja.

Hamisi alikuja siku moja, akakaa mkekani, akashusha sauti. Akasema pale mpakani kuna njia za panya, watu wanapita kila siku na magunia ya mahindi. Atampakia mama ndani ya lori, wakikaribia atamshusha, kijana mmoja atamvusha kwa miguu, upande wa pili atampakia tena. Alisema kwa nia njema, nami sikuwa na nguvu ya kumkemea. Nilitazama chini. Nakiri nilikuwa nafikiria.

Dada ndiye aliyejibu. "Hamisi mwanangu, mimi niliondoka Kinole mchana, na ngoma, watu wamesimama njiani. Nirudi nimejificha kama niliyeiba mbuzi wa watu?"

Hamisi akacheka, akasema basi mama utarudi na ngoma. Na alipokuwa anaondoka, akiwa amekwisha vaa viatu, akasema kama mtu anayelalamika tu kwamba tabu yote hii ni ya yule Mnyamwezi wa ubalozini, mgumu kama jiwe la kwao Tabora.

Dada alinyoosha mgongo. Akaniuliza kama ni kweli, yule bwana ni Mnyamwezi. Nikasema kwa jina lake ndiyo, Mihayo ni jina la huko, kwani vipi? Akanigeukia kwa hasira ambayo sikuwa nimeiona tangu utoto.

"Mbona hukuniambia? Mimi nilidhani ni serikali. Kumbe ni mtani."

Kwa wasiojua: tangu zama za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wakipita kwetu na mizigo kwenda pwani, sisi na wao ni watani. Mtani humtukani kwa ubaya, humtukana kwa haki. Akija msibani kwako anakucheka, anakunyang'anya kitu chako, na humkasirikii, maana yeye ndiye anayekuzikia. Mwenye adabu mbele ya mtani wake amemfanya mgeni. Nami nilikuwa nimemfanya Bwana Mihayo mgeni kwa adabu zangu zote.

Ubalozini mara ya pili

Musa alitupeleka asubuhi pamoja na Hamisi, akasimama mlangoni na kofia yake ya kazi mkononi. Dada alijifunga kanga mpya. Tulipoingia, Bwana Mihayo akaanza shikamoo mama, na dada hakuiitikia. Alisimama, akamtafuta kwa lile tundu lake mpaka akampata usoni, akasema kwa Kiswahili kilichokuwa kimelala miaka:

"Wewe Mnyamwezi, nani kakupa meza? Nyie tunawajua mnapita kwetu na mizigo ya watu vichwani, mnaomba maji."

Karani wa chumba cha pili aliacha kupiga taipu. Mimi nikajiuliza, je, kama si Mnyamwezi? Au ni Mnyamwezi aliyesoma akasahau? Bwana Mihayo alifunga jalada lililokuwa mbele yake, akaegemea kiti.

"Maji yenyewe tuliyapata wapi?" akasema. "Mluguru mpaka ateremke mtoni na ule mguu wake mmoja mrefu, mmoja mfupi, kwa kuishi mteremkoni, sisi tumeshafika pwani."

Dada akapiga kofi mapaja yake, akacheka mpaka akatafuta kiti. Nikajua yuko nyumbani.

"Na wanaume wenu," Bwana Mihayo akaendelea, ananionyesha mimi kwa kidole, "wanaoa wanahamia kwa mke na mkeka kwapani. Hana hata mgomba wake."

"Ndiyo maana wanawake wetu wanacheka," dada akajibu. "Wa kwenu wanacheka lini?"

Wakaendelea hivyo, na mengine siyaandiki kwa heshima ya wanaosoma. Lakini katikati ya matusi, yule bwana alikuwa anafanya kazi yake. Alimchokoza kwamba Kinole hakuna kitu, na dada akamtajia vijito vyote, akasema wapi huliwa ndizi za namna gani, nani aliwaombea watu mvua alipokuwa mtoto, na mtu wa ukoo wetu haruhusiwi kuoa ukoo gani. Alimwuliza nani alimcheza ngoma yake ya uwali, akaimba kipande kwa Kiluguru. Kila mara nilipofungua mdomo kusahihisha, Bwana Mihayo aliinua kidole, akasema mtani mume, funga mdomo.

Kisha akaacha utani. Alisogeza kiti mpaka magoti yao yakakaribiana, akamwuliza ni nani anayetaka arudi, yeye mwenyewe au huyu mdogo wake.

Dada alifikiri. Akageuza uso kumtafuta Musa mlangoni, akamwona mabega, akamwona uso.

"Mimi," akasema. "Watoto wangu nimewaona mpaka nimewajua kwa moyo. Hata nikiwa kipofu ninao. Mlima niliuacha ningali mtoto, sikuuangalia vizuri. Nilidhani nitaukuta siku zote."

Musa alitoka nje, akarudi.

Bwana Mihayo alimwita aingie. Akamwambia mbele yetu sote kwamba siku akitaka kwenda kwa mama yake aje hapo hapo, amwulize yeye, na kama yeye atakuwa amehamishwa, amwulize atakayekaa kwenye kiti hicho. Kazi ya mlango ule ni kupitisha watu pande zote mbili. Musa akasema asante kwa Kiswahili, kisha akarudia kwa Kibemba, nadhani kwa kuwa ile asante ya kwanza haikumtosha.

Hamisi alithibitisha kwamba anamjua mama huyu na anawajua watu wake. Mimi nikathibitisha pia, kwa maneno machache safari hii. Bwana Mihayo akaeleza kwamba jibu la Dar es Salaam likija litawekwa kwenye jalada, lakini kanuni zinamruhusu afisa aliyemhoji mtu mwenyewe, akaona na akasikia, aseme ameridhika. "Nami nimeridhika," akasema. "Mnyamwezi hawezi kutukanwa namna hii na mtu wa nchi nyingine."

Halafu akasimama, akaninyang'anya kofia yangu kichwani, akaivaa, akatoka nayo kwenda kwa Balozi kutafuta saini. Ni haki yake, sikusema kitu. Nilikaa na kipara changu wazi mbele ya karani. Alirudi na hati mkononi na kofia yangu kichwani, na walinzi wakimcheka njia nzima. Mlango wa Balozi ulipofunguliwa ndipo nilipomwona, kwa mbali, ameinua kichwa kutoka kwenye karatasi zake anaangalia afisa wake amevaa nini. Mkisikia tena kwamba nilikula naye, waambieni ndiyo hivyo nilivyokula naye.

Kurudi

Kituoni, pale reli inapoanzia, Musa alimbeba mama yake mgongoni kutoka kwenye gari mpaka kwenye behewa, ingawa anaweza kutembea. Alimweka karibu na dirisha, akamfunga kanga mabegani, akakaa naye mpaka treni ikaanza kutikisika. Sitaandika zaidi ya hapo. Mwenye mama anajua.

Mpakani maafisa waliingia ndani ya treni. Kijana wa kwetu wa uhamiaji alichukua hati ya dada, akaisoma pande zote mbili, akaigonga mhuri. "Karibu nyumbani, mama," akasema, akaendelea na behewa. Dada aliniomba nimwite arudi. Nikamwita. Yule kijana alirudi akidhani kuna tatizo. Dada akamwomba aseme tena. Akasema tena, polepole, ameinama.

Ifakara tulipanda basi. Tulipoacha Mikumi nyuma na kuanza kukaribia mjini, nilimbadilishia kiti akae upande wa mlima. Alikaa amekodoa macho. Mawingu yalikuwa juu, yamekiachia kilele. Nikasubiri aseme kitu.

"Nani ameunyoa?" akaniuliza.

Nikatazama na mimi. Mnajua mlima ulivyo sasa: mashamba yamepanda, misitu imebaki juu tu kama kofia. Sisi tunaoamka nao kila siku hatukuwa tumeona unavyopungua. Nikamwambia watu wameongezeka, dada, na kila mtu siku hizi anauza anachoweza. Akasikitika kidogo. Baadaye akasema hata mimi sina nywele, na bado ananipenda.

Kinole

Gari lilitufikisha mpaka barabara ilipokubali. Kutoka hapo tulipanda kwa miguu. Nilimpa mkono, akaukataa. Akatangulia yeye, na kila penye jiwe au mzizi akaniambia niangalie. Watu walitoka majumbani wakasimama njiani, wazee wachache wakalitaja jina lake la utotoni. Ngoma haikuwepo, lakini akina mama walipiga vigelegele, na yeye akaitikia.

Tulipofika kiwanjani pa mama yetu alisimama. Mlima uko mbele hapo, umejaa mbingu yote. Akaanza kuuangalia kwa lile tundu lake. Alianza chini kwenye migomba, akapanda taratibu, akahamia kushoto, akarudi kulia, hakuruka mahali. Mimi nimesomesha maisha yangu yote, na nilimwona kama mtoto anayesoma sura kwa mara ya kwanza, anaweka kidole juu ya kila herufi kabla ya kwenda kwenye inayofuata. Watu walikuja kumsalimia, wakaona anachofanya, wakakaa chini. Jua lilimgonga, jasho likamtoka, hakulifuta. Alifika kileleni, akakaa hapo kidogo.

"Haya," akasema. "Nimeuona wote. Nipelekeni ndani niwapikie."

Macho yalifunga kabla ya mavuno. Hajalalamika. Anakaa mlangoni anachambua iliki na wajukuu wa ukoo, na Musa ametuma salamu kwamba amekwenda pale ubalozini kuulizia safari.

Basi hiyo ndiyo habari yenu. Nakuombea wewe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akuwekee ulichokiacha mpaka ukirudie, akupe mtu wa kukufuata ukiita, na kila mlango utakaosimama mbele yake akuwekee nyuma yake mtu mwenye moyo wa kuridhika. Akuangazie macho yako na moyo wako, na siku ya kurudi kwake akupokee mchana, watu wema wamesimama njiani. Amina.